Marafiki wa Mama Baada ya Arobaini

Mama akifariki, majuma ya mwanzo nyumba zetu hazipungukiwi. Jirani huleta chakula, hitma husomwa, watoto walio mbali hufika. Arobaini ikishapita nyumba hutulia, na wa kwanza kukatika mguu huwa ni marafiki wa marehemu: yule aliyecheza naye upatu, yule aliyesuka naye ukili, yule waliyefuatana darasani kila Alhamisi. Hakuna aliyewafukuza, lakini pia hakuna aliyewaambia kwamba bado wana kwao humo. Na baba akioa tena, hata jina la marehemu huanza kutajwa kwa kunong'ona.

Ndugu msomaji, tumtazame mama yetu sote, Mama wa Waumini, Bibi Khadija binti Khuwaylid (r.a.), na namna alivyokumbukwa na mumewe.

Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake mwenyewe. Desturi yake ilikuwa kuwakabidhi watu bidhaa, wasafiri nazo na misafara hadi Sham, kisha wagawane faida. Mwenye mali alibaki Makka na ngamia wakaenda. Kwa hiyo biashara yote ilisimama juu ya jambo moja, nalo ni kumjua mtu. Alipomkabidhi kijana Muhammad (s.a.w.) msafara wake, alimtuma pia mtumishi wake Maysara afuatane naye. Waliporudi aliiona faida, na akasikia kwa Maysara habari za uaminifu na tabia njema. Posa ikaanzia upande wake, kwa kumtuma Nafisa. Kauli mashuhuri ni kwamba yeye alikuwa na miaka 40 na Mtume miaka 25, ingawa zipo riwaya zinazompa Bibi Khadija umri mdogo zaidi.

Miaka ikapita, na Mtume (s.a.w.) akateremka kutoka pango la Hira akitetemeka, akaomba afunikwe. Bibi Khadija alimwambia kuwa Mwenyezi Mungu hatamfedhehesha, na akamtajia sababu: anaunga udugu, anawabebea mizigo wasiojiweza, anakirimu wageni. Kisha akampeleka kwa binamu yake Waraqa bin Nawfal, mzee aliyevijua vitabu vya kale. Mimi naliona humo jicho lile lile lililopima watu wa misafara. Hakumliwaza kwa maneno matupu. Alimkumbusha matendo yake. Tunapowasifu mama zetu msibani hutaja subira na upishi, tukaiacha kazi yao, ilhali mara nyingi ni ile kazi iliyowafunza hekima tuliyoifaidi nyumbani.

Mali ile ilitumika katika dini. Maquraishi walipowasusia Bani Hashim kwa muda wa miaka ipatayo mitatu, alikuwa pamoja na mumewe katika dhiki ile. Alifariki mwaka wa 10 wa Utume, akazikwa Hajun, Makka. Ndoa yao ilidumu takriban miaka 25, na katika uhai wake Mtume hakumwolea mke mwingine.

Hapo ndipo wengi wetu tungefunga daftari. Mtume (s.a.w.) hakulifunga. Huko Madina alikuwa akichinja kondoo hukata vipande akawapelekea marafiki wa Khadija. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia mwenyewe kwamba hakumwonea wivu mke yeyote kama alivyomwonea Khadija, naye hakuwahi kuishi naye, kwa wingi wa kutajwa kwake. Siku moja Hala, ndugu yake Khadija, alibisha hodi, na sauti yake ikamkumbusha Mtume hodi ya marehemu. Akafurahi kwamba aliyekuja ni Hala.

Wivu wa Bibi Aisha usipuuzwe. Mjane aliyeoa asiigeuze habari hii kuwa fimbo ya kumchapia mke mpya, kila chungu kikipikwa kilinganishwe na cha marehemu. Kondoo yule alikuwa ni wema kwa watu wa Khadija. Mke mpya naye, akimwona rafiki wa marehemu mlangoni, asidhani amekuja kumpeleleza. Na sisi watoto tuna fungu letu, kwani Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ni wema gani unaobaki kwa wazazi waliokwisha kufa, alitaja pamoja na dua kuwakirimu marafiki zao. Ni nani aliyekuwa akimkopesha mama unga? Ni nani aliyemuuguza usiku? Wengine ni wazee sasa, na mguu wa kuja kwetu hawana. Sisi tunao.

Mwaka wa 2 Hijria, baada ya Badr, watu wa Makka walileta fidia za mateka wao. Miongoni mwa mateka alikuwamo Abul-As, mtoto wa Hala na mume wa Zaynab binti Mtume. Zaynab, aliyekuwa bado Makka, alileta mali ya kumkomboa, na ndani yake kidani alichopewa na mama yake Khadija siku ya harusi. Mtume alipokiona aliingiwa na huruma kubwa. Hakuamuru, aliwaomba Masahaba, wakiona vyema, wamwachie mateka na wamrudishie Zaynab mali yake. Wakakubali. Abul-As akaachiwa kwa ahadi ya kumleta Zaynab Madina, akaitimiza, na kidani cha Khadija kikarudi kwa bintiye.