Chakula cha Binti Anayekimbia
Mama mpendwa, binti yako mwanariadha akikuomba kopo la unga wa kuongeza nguvu, usiharakishe kufungua mkoba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji hodari 10 wa Kenya ulionyesha kwamba walikula hasa ugali, wali, viazi, maharagwe, kabeji na chai ya maziwa yenye sukari. Vyakula hivi vyapatikana jikoni mwako. Tena, baadhi ya makopo yamekutwa na dawa zilizokatazwa michezoni.

Lakini binti akichoka kupita kiasi, hasa kama hedhi yake ni ya damu nyingi, mpeleke hospitali akapimwe damu. Vidonge vya madini ya chuma aandikiwe na daktari. Fedha ya kopo inunulie mayai na dagaa.