Mali Bila Daftari

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 una vifungu viwili vinavyofuatana ambavyo kila mtunza turathi angepaswa kuvijua. Kifungu cha 246 kiliiamuru Ujerumani itoe, ndani ya miezi 6, fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kifungu cha 247 kiliiamuru iikabidhi Ubelgiji mbao zilizochorwa na ndugu wawili Van Eyck kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Bavo, Ghent. Mbao zilifika Ubelgiji mwaka 1920. Fuvu lilifika Kalenga, kwao Mkwawa, mwaka 1954.

Fuvu la mzee wa watu si pambo la makumbusho, wala silitaji hapa kama sanaa. Nalitaja kwa sababu ya hukumu iliyomo. Mbao zile Wajerumani walikuwa wamezinunua, nazo zilirudi upesi. Kichwa walichokikata kikangoja miaka 35. Ubelgiji ilikuwa na kiti mezani, Wahehe hawakuwa nacho. Hilo tuliseme waziwazi. Lakini lipo na jambo la pili. Gavana Twining wa Tanganyika alipokwenda kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, mwaka 1953, alikuta mafuvu mengi rafuni, hakuna hata moja lenye jina la Mkwawa. Likachaguliwa kwa vipimo, na mpaka leo wapo wenye shaka. Mbao za Ghent zilijulikana moja moja.

Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka wanaliishi neno hilo kila siku. Mbona sisi tulioachiwa mali isiyonunulika tena hatulitii?

Mtazameni Rose Valland. Paris ilipotekwa mwaka 1940, Wajerumani waliligeuza jumba la Jeu de Paume kuwa bohari ya sanaa waliyoipora, nyingi kutoka kwa familia za Kiyahudi. Vitu zaidi ya 20,000 vilipita pale. Bibi huyu, mfanyakazi wa jumba hilohilo, alificha kwamba anajua Kijerumani. Akasikiliza, akaandika kwa siri ni kitu gani kimetoka, cha nani, kimepelekwa wapi. Angegunduliwa, angeuawa. Paris ilipokombolewa, maandishi yake yaliwaongoza maofisa wa Marekani hadi ngome ya Neuschwanstein, Bavaria, ambako shehena kubwa ya ngawira ilikuwa imefichwa. Bunduki hakuwa nayo. Alikuwa na kalamu na ulimi mzito.

Atasema mtu: vitani watu wanakufa, nani ana nafasi ya kuhesabu sanamu? Kweli kabisa, hakuna. Ndiyo maana Mkataba wa The Hague wa kulinda mali ya utamaduni vitani, uliopitishwa Mei 1954, mwezi mmoja kabla ya fuvu kupokelewa Kalenga, unazitaka nchi zijiandae wakati wa amani. Itifaki yake ya mwaka 1999 inataja orodha waziwazi. Baada ya risasi ya kwanza, orodha haitengenezwi tena. Makumbusho ya Taifa ya Sudan, mjini Khartoum, yameporwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023, na mporaji hamwachii mtu stakabadhi. Mahakamani na mnadani, mdai asiye na picha wala kipimo huambiwa kitu si chake.

Basi ewe mtunza makumbusho ya wilaya, na wewe katibu wa msikiti wenye misahafu ya mkono, na wewe mzee mwenye ngoma ya ukoo, msingoje wizara wala mfadhili. Pigeni picha kila upande. Pimeni urefu, upana na uzito. Andikeni ufa, kovu, alama ya moto, jina la aliyekitoa na mahali kilipotoka. Nakala moja iwekwe mji mwingine, kwa mtu mwaminifu. Anzeni na kabati la kwanza, wiki hii.