Kinoo Kilichobonyea

Wengi huulaumu wembe unapoparuza shavu, hasa Jumamosi jioni, nao wembe hauna kosa. Wembe hunolewa kwa kulazwa, mgongo na makali vikigusa kinoo pamoja. Basi kinoo kikibonyea, makali hugusa kandokando tu, na sehemu ya kati hubaki butu. Hapo kinyozi hukaza mkono, ngozi hukatika; nanyi mwajua ya kuwa damu iliyobaki juu ya wembe yaweza kumwambukiza mtu wa pili homa ya ini au UKIMWI.

Choreni mistari ya penseli juu ya uso wote wa kinoo. Tandikeni karatasi ya msasa juu ya kioo kinene kilicho sawa, mtie maji, msugue. Mistari ya pembeni itafutika kwanza. Msiridhike, endeleeni hata ile ya katikati iishe. Wengine husuguanisha vinoo viwili tu. Sisi hatuisifu njia hiyo, kwani kimoja chaweza kutokeza tumbo na cha pili kufanya bonde, navyo vikashikana vizuri kabisa! Mwisho punguzeni ukali wa kingo zake, mkioshe sana, maana chembe moja ya msasa yatosha kuharibu makali. Kinoo cha maji kikaukie kivulini, kisipasuke.