Daftari la Madeni

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Hata hivyo, daftari likiandikwa ovyo, habari hupotea vilevile. Katika nyumba ambayo askari yuko zamu ya mbali, deni la dukani huandikwa na kila aliyetumwa: mama huanza na tarehe, mtoto na kitu, shangazi na bei. Yote hukaa katika safu moja, na siku ya mshahara ugomvi huingia nyumbani.

Dawa yake ni ukurasa mpya wenye safu tatu: tarehe, kitu na bei. Neno lisihamishwe kwa kufuata mahali lilipo, maana la kwanza hapa ni la mwisho pale. Ifuatwe alama yake: tarehe ina mstari wa mshazari, bei ina neno shilingi, kinachobaki ni kitu. Zitolewe tarehe zote kwanza, kisha bei, kisha vitu. Hata kompyuta ikiambiwa ikate penye mkato tu, itachanganya sukari na shilingi.

Tarehe kama 4/5 isikisiwe. Kwa wengi ni siku ya 4 Mei. Kwa desturi ya Marekani ni siku ya 5 Aprili. Aulizwe aliyeiandika, na mwezi uandikwe kwa herufi.

Mwisho, mistari ihesabiwe na bei zijumlishwe katika kurasa zote mbili. Zikilingana, deni lilipwe kwa amani. Ukurasa wa kale usichanwe. Huo ndio shahidi.