Picha Nzuri Inaleta Sifa, Hesabu Ndiyo Inaleta Mteja

Leo naongea na wale wanaopamba nyumba: mnaoshona mapazia, mnaopanga sebule za watu, mnaouza mito ya sofa, mazulia, taa na vioo, huku ofisi ni chumba kimoja nyumbani na duka ni Instagram na statasi ya WhatsApp. Najua wengine hamtakubaliana na mimi. Sawa, tubishane kwa heshima.

Kuna maneno mawili yanaua hii biashara: "Bei inboksi."

Unaposti sebule imependeza kweli kweli. Watu wanamwaga mioyo myekundu, "hongera dada", "mikono ya dhahabu". Inboksi inajaa. "Bei gani?" Unajibu, "Inategemea mpendwa, dirisha lako lina ukubwa gani?" "Sijui." "Nitumie picha." Kimya. Mwingine anatuma picha, unakaa unapiga hesabu, unampa bei, tiki mbili zinageuka bluu, kimya. Jioni umechoka, bando limeisha, na hujauza hata mto mmoja. Halafu tunasema wateja wa mtandaoni ni wasumbufu.

Mimi nasema hao hawakuwa wateja wako, na ni wewe uliyewaita. Picha nzuri isiyo na maelezo inamwita kila mwenye macho. Haimwambii mtu kama kitu hiki ni cha uwezo wake, kama kinafaa kwenye nyumba ya kupanga, wala kama kitachukua siku tatu au mwezi. Kwa hiyo wote wanakuja kuuliza, na aliye tayari kulipa anajibiwa wa mwisho. Akichoka kusubiri anaenda kwingine.

Sasa mteja sahihi ni nani? Wengi watasema "mwenye hela". Hapana. Ni yule anayehitaji kitu unachokiweza vizuri, ana uwezo wa kukilipia, na anaheshimu muda wako. Anaweza kuwa mwalimu aliyepanga vyumba viwili Tabata. Na tajiri anaweza kukuzungusha miezi mitatu kwa deni la mapazia.

Hebu tuangalie wateja wa kazi hii walivyo:

1. Mpangaji. Amelipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, hela imebana, na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Anataka vitu atakavyohama navyo: zulia, taa ya kusimama, mapazia yatakayokaa kwenye mabomba yaliyopo. Ukimpostia dari la jipsamu anapita tu.

2. Anayemalizia nyumba yake. Amejenga kidogo kidogo kwa miaka, sasa anataka kuhamia. Hela yake inakuja kwa awamu, kwa hiyo anataka kujua aanze na nini na nini kisubiri.

3. Mwenye nyumba ya kupangisha wageni, wale wa Airbnb. Anawaza vitu vinavyofulika, visivyochakaa haraka, na vinavyotoka vizuri kwenye picha.

4. Ndugu aliyeko nje, Muscat au London, anayejenga nyumbani. Kikubwa kwake ni uaminifu, kwa sababu wengi wao wameshaliwa hela. Anataka risiti, vipimo, na video ya kazi ikiwa inaendelea.

Ukiwaposti wote wanne kwa picha moja na neno "karibuni", hakuna hata mmoja atakayejiona pale. Chagua mmoja au wawili, na posti zako nyingi ziongee na hao.

Sasa hesabu inaingiaje? Chukua kazi moja uliyoimaliza, uiandike hivi (namba ni za mfano, weka za kwako):

"Sebule ya mita 3 kwa 4, nyumba ya kupanga. Mteja hakuruhusiwa kutoboa ukuta, tukatumia mabomba yaliyokuwepo. Madirisha mawili ya futi 5, kila moja kitambaa mita 4 na shia mita 4. Zulia moja, mito 5, taa moja ya kusimama. Siku 6. Jumla Sh 780,000 pamoja na ufundi na usafiri."

Mpangaji mwenye bajeti hiyo akisoma, anasema, "Hii ni sebule yangu." Anakuja hana maswali ishirini, ana moja tu: "Una nafasi lini?" Mwenye laki mbili naye amejua, na hajakudharau. Pengine anaanza na mapazia peke yake, mengine baadaye.

Na hapo umefanya kitu kingine bila kumsema mtu: umemfundisha mteja. Dirisha la futi 5, bomba lake linapita pembeni kidogo, karibu futi 6. Futi 6 ni kama mita 1.8. Ili mikunjo ijae unahitaji kitambaa angalau mara mbili ya bomba, yaani mita 3.6 na zaidi, ndiyo maana umeandika mita 4. Yule anayeuza kwa nusu ya bei yako huenda amekata mita 2, na pazia likifungwa linakaa kama shuka limetandazwa. Mteja akishaielewa hiyo hesabu, haulizi tena "mbona fulani anafanya kwa rahisi?" Ataenda kumuuliza fulani anatumia mita ngapi.

Najua mtakachosema.

"Washindani wataiona bei yangu." Mwenzangu, wanaijua. Walishakuuliza kwa namba ya shemeji. Wanachoshindwa kukopi ni kazi zako na maelezo yake.

"Kila kazi ina bei yake." Kweli kabisa, na ndiyo maana sijasema uweke bei ya mita kama muuza kitambaa wa Kariakoo. Weka bei ya kazi iliyokamilika, na useme ndani yake kulikuwa na nini. Kama ni nyumba nzima, toa kiwango cha chini na cha juu, bei kamili baada ya kupima. Na kwa kuwa kitambaa kinapanda na kushuka, andika mwezi: "bei ya Machi".

"Wateja watakimbia." Ndiyo, baadhi watakimbia, na waache wakimbie. Mtu anayekimbia bei leo angekimbia baada ya wewe kupanda bajaji mbili kwenda kumpimia.

Na hapo kwenye kupima ndipo mtaji wa wengi unapoishia. Ukienda saiti tano kwa wiki, kila moja nauli Sh 10,000 kwenda na kurudi, ni 50,000 kwa wiki, 200,000 kwa mwezi, kabla hujauza chochote. Bado muda wako, bado mtoto uliyemwacha kwa jirani. Toza hela ya kupima. Isiwe ya kumkomoa mtu, iwe ya kutosha nauli na muda, na iandikwe wazi kwamba akifanya kazi na wewe inakatwa kwenye bei. Lakini mpe kitu mkononi: vipimo vyote vya madirisha na orodha ya vinavyohitajika, viandikwe vizuri. Hata akienda kwa fundi mwingine, amepata thamani ya hela yake. Mteja sahihi hakatai hilo, na anayekasirika kwa sababu ya nauli amekusaidia kumjua mapema.

Jambo jingine litauma: acheni kuposti sebule za Uturuki. Ile picha ina dari refu kama ukumbi, madirisha hayana nondo, na sofa moja inazidi chumba cha mteja wako. Ukipata oda kwa picha ile, umeuza ndoto ya mtu mwingine, na siku ya kukabidhi kazi lawama ni zako. Kama bado huna kazi nyingi, pamba chumba chako mwenyewe au cha dada yako kwa bei ya vifaa, piga picha ya kabla na baada, mchana, taa zimezimwa na mapazia wazi. Chumba cha kawaida cha kwetu, chenye nondo na feni, kikipendeza, kinamshawishi mteja kuliko kasri.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu kazi hii ina misimu. Kabla ya Idi na Krismasi kila mtu anataka mapazia mapya wiki ile ile, na fundi wako ni yule yule mmoja na cherehani yake. Kila oda mbovu unayoipokea hapo, ya mtu asiyelipa kianzio au anayebadilisha rangi mara tatu, inakula nafasi ya mteja mzuri ambaye angekulipa na kukuletea wenzake. Msimu ukiisha, umefanya kazi usiku na mchana na mkononi una madeni. Kuwachuja wateja kunaonekana kama maringo, ila kwa mwenye cherehani moja ndiko kunakolipa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi. Chagua kazi zako tatu nzuri, ziandike kwa hesabu kama nilivyoonyesha, kisha zibandike juu ya ukurasa wako wa Instagram, inaruhusu posti tatu. Kwenye WhatsApp Business ziweke kwenye katalogi, maana statasi inapotea baada ya saa 24. Andika na masharti yako pale pale: hela ya kupima, kianzio kinachotosha vifaa vyote, na siku za kazi. Akiuliza mtu bei, mtumie kazi inayofanana na yake badala ya kuanza "inategemea mpendwa".

Laiki zitapungua, jiandae. Ila ukiona ujumbe unaoanza na "nimeona ile sebule ya mita 3 kwa 4, mimi nina ya hivyo hivyo", basi mwenyewe amefika. Mpe tarehe.