Mchicha wenye njaa katika bonde la Msimbazi

SHAMBA NA SAHANI
Na Saida Mbwana

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita Vingunguti penye viwanda na machinjio, unateremka Jangwani na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi. Kandokando yake wakulima wamekuwa wakilima mchicha, matembele na majani ya maboga kwa miaka mingi, na mafungu yao hufika kwenye magenge ya Dar es Salaam asubuhi ileile yanapovunwa.

Tuta la mchicha likitazamwa kwa karibu linaweza kusema mengi. Jani changa limekuwa la manjano, lakini vishipa vyake bado ni vya kijani. Hiyo ni dalili ya mmea uliokosa chuma. Mkulima akiona hivyo humwaga yurea, na mboga huendelea kudumaa, kwa sababu huenda chuma kimo tele ardhini ila mzizi umeshindwa kukivuta.

Penye metali nzito kama kadimiamu, aseniki na risasi, hilo si ajabu. Mzizi una vijilango vyake vya kupitishia virutubisho, na kadimiamu hujipenyeza katika vilevile vya chuma na zinki kwa sababu chembe zake zinafanana nazo, kama mgeni asiyealikwa anayeingia harusini na kukalia kiti cha mjomba. Aseniki hupitia njia ya fosfeti. Risasi hudumaza mizizi yenyewe, na mzizi mfupi hauwezi kutafuta maji wala chakula mbali. Kwa hiyo mmea hupata hasara mbili: unameza sumu, na unakosa lishe yake.

Hasara hiyo haiishii shambani. Mwaka 1999, watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mboga za kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakionyesha kuwa kadimiamu na risasi zimo ndani ya majani yanayoliwa. Kuosha huondoa vumbi la juu tu. Kilichopita mzizini hakitoki kwa maji ya bomba. Mama anampikia mwanawe mchicha ili aongeze damu, na mtoto aliyepungukiwa chuma ndiye ambaye utumbo wake hufyonza risasi kwa wingi zaidi.

Japani ililipa gharama ya kuchelewa. Kadimiamu kutoka mgodi wa Kamioka iliingia Mto Jinzu, ikatuama kwenye majaruba ya mpunga ya Toyama, ikafika kwenye wali. Wanawake wengi waliokwisha kuzaa walipata maumivu makali, na mifupa yao ikawa inavunjika kwa urahisi. Serikali iliutambua rasmi ugonjwa huo mwaka 1968, na kazi ya kusafisha mashamba ikakamilika mwaka 2012.

Dar es Salaam haina sababu ya kungoja wagonjwa. Kuwafyekea wakulima matuta yao hakutaondoa hata chembe moja ya risasi bondeni, na kunamwadhibu mtu ambaye hakuimwaga. Kinachotakiwa ni kupima udongo na maji, tuta kwa tuta. Taifa lina kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano, Tanga, na lina maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Vipimo hivyo vigharimiwe na fedha za umma, na majibu yake yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa.

Palipochafuka kidogo, chokaa hupunguza tindikali, nayo mboji hushika metali, hivyo kadimiamu na risasi haziingii mzizini kwa urahisi. Palipochafuka sana pasilimwe mboga za majani, ambazo hubeba metali nyingi kuliko nyanya au bamia, na mkulima apewe eneo jingine kabla ya kuondolewa. Viwanda vinavyotiririsha maji machafu mtoni vibebe gharama za kutibu udongo na kuwahamisha wakulima, kuanzia kwenye bajeti ijayo ya jiji.