Kula Kwa Rumu Si Ushamba

Wasee, leo wacha niongee kuhusu kitu ambacho familia nyingi hufanya kimya kimya kama wanaiba: kuingia hotelini na chakula kwa begi na kukila rumuni.

Nianze na stori ya kwetu. Desemba 2018, nikiwa nimemaliza kidato cha pili, mzee alitupeleka Mombasa kwa mara ya kwanza. Tulikuwa watano: yeye, mathe, mimi na wadogo zangu wawili. Alikuwa ameweka akiba karibu mwaka mzima. Tukapanda SGR, wakati huo tiketi ya daraja la kawaida ikiwa bado shilingi 1,000. Hoteli ilikuwa ya maana, karibu na ufuo wa Bamburi, lakini bei aliyolipa ilikuwa ya kulala tu. Mambo ya chakula hatukuyawaza. Si tutakula tu?

Siku ya kwanza mchana tukaketi mkahawani pale pale hotelini. Chipsi kuku shilingi 950 kwa sahani, soda 200. Zidisha kwa watu watano, ni 5,750. Mlo mmoja, na usiku tukarudi hapo hapo. Siku ya pili mchana mzee akaitisha sahani nne. Weita akamwuliza, "Na wewe mzee, nikuletee nini?" Akasema ameshiba.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, na nilijua vizuri kwamba tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni isipokuwa ile chai ya bure ya rumuni. Akanywa maji, akaangalia bahari. Usiku tena akasema tumbo halimkai sawa. Siku ya nne tulikuwa tumepanga kwenda Fort Jesus, ile ngome ya Wareno ya kati ya 1593 na 1596 niliyokuwa nimeisoma shuleni hadi nikaikariri. Hatukwenda. Pesa ya kuingia tulikuwa tumeila.

Sasa sikizeni kitu kinachoniuma mpaka leo. Ukitoka geti la ile hoteli, hata hutembei dakika tatu, kulikuwa na mama anauza mahamri na mbaazi za nazi kila asubuhi. Tulimpita kila siku. Mathe akasema, "Baba Njeri, si tununue hapa tule rumuni?" Mzee akajibu, "Watu watatuonaje, tunaingia hoteli kama hii tumebeba mahamri kwa gazeti?"

Simlaumu mzee wangu. Alitaka tuonekane kama watu wengine, hata kama ni kwa siku nne. Lakini msimamo wangu ni huu, na hamtanibadilisha: aibu ndiyo iliyotula pesa, chakula kilisingiziwa tu. Na sisi watu wa kutengeneza video tunachangia. Tunapiga picha bufee, tunapiga picha trei ya matunda ikielea kwenye bwawa, halafu mtoto wa Umoja anaamini likizo bila hizo si likizo. Hata mimi nimewahi kuposti hivyo. Naomba msamaha.

Desemba 2024 tulirudi. Tiketi ilikuwa imepanda kuwa 1,500 tangu mwanzo wa mwaka huo, mimi nikachangia za watu wawili, na kwa sababu nimechangia nikadai haki ya kupanga chakula. Sheria yangu ilikuwa moja: kila siku tunakula nje mlo mmoja, tumeketi kama watu, kila mtu na sahani yake. Milo mingine ni rumuni, na hakuna kupika. Tulikaa siku nne na hakuna aliyesingizia kushiba.

Mkitaka kujaribu, tulifanya hivi.

Asubuhi ilikuwa mahamri na mbaazi kutoka kwa mama wa barabarani. Unapeleka bakuli lako lenye kifuniko, unarudi nayo ikiwa moto, mnakula papo hapo. Chai mnatengeneza na maji ya birika la stima lililo rumuni. Asubuhi nyingine tulikula Weetabix na maziwa ya pakiti yale ya kukaa muda mrefu. Yale hayahitaji friji kabla ya kufunguliwa, kwa hivyo nunua pakiti ndogo ndogo, fungua moja, maliza, ndipo ufungue nyingine.

Mchana ni mkate. Lakini si mkate mkavu wa huzuni! Ponda avokado na ndimu na chumvi, weka vipande vya nyanya na kitunguu, halafu jodari wa kopo juu. Wadogo zangu hawapendi samaki, wao walipaka siagi ya njugu na kupanga vipande vya ndizi. Shibe ya hapo inakufikisha jioni. Mayai boilo pia ni mchezo safi, lakini nunua kwa mtu unayemwona akiyatoa motoni, na mle siku hiyo hiyo.

Katikati ya siku ni matunda. Mombasa mwezi wa Desemba ni maembe, nani atakosa maembe? Tulipitia soko la Kongowea tukitoka stesheni, tukabeba maembe, ndizi, machungwa na ndimu. Ongeza karanga, korosho na tende, vitu ambavyo havigandi wala haviozi haraka, na ukienda ufuoni unavitia mfukoni.

Jioni ndiyo tulikuwa tunatoka. Siku moja tulienda Mama Ngina Waterfront, viazi karai, mishkaki, krispi za mihogo na madafu, watu watano tukila tukiangalia meli zikiingia. Siku nyingine tulikula pilau ya ukweli mjini.

Sasa, kabla mtu hajakimbia kubuk rumu, kuna mambo lazima niseme kwa ukali kidogo.

Kwanza, ukisema hakuna kupika, iwe hakuna kupika. Nimeona video za watu wanachemsha mayai na soseji ndani ya birika la hoteli, wengine wanachoma mkate kwa pasi. Manze, hapana. Birika ni la maji. Mgeni wa kesho atakunywa chai yenye harufu ya soseji yako. Ukitaka tambi za haraka, mimina maji ya moto kwa bakuli na ufunike. Na usithubutu kuingiza mtungi wa gesi au jiko la makaa rumuni. Moshi wa makaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu wakiwa wamelala, na hata hauwaamshi.

Pili, joto. Mombasa si Limuru. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, hesabu saa moja tu. Ile pilau ya jana usiku iliyobaki kwenye kopo la kubebea, iliyolala juu ya meza, itupe. Wali uliokaa hivyo hupata viini ambavyo sumu yake haitoki hata ukiupasha moto tena. Likizo ya kushinda chooni ni mbaya kuliko likizo ya njaa.

Tatu, friji ya rumu usiiamini sana. Hoteli nyingi stima inawaka ukiingiza ile kadi ya mlango ukutani, ukitoka nayo kila kitu kinazima, wakati mwingine hata friji. Sisi tuligundua siku ya kwanza, tuliporudi kutoka ufuoni tukakuta mtindi una joto kama chai. Ukaenda kwa sinki. Kwa hivyo uliza mapokezi mapema, au nunua vitu visivyohitaji baridi kabisa.

Nne, vifaa. Bebeni bakuli, vijiko, vikombe na kitambaa cha kutandika mezani. Kisu nunueni mkifika, ukaguzi wa SGR si wa kuchezea. Na makopo chagueni yale ya kuvuta kwa kidole. Mimi, mpangaji mkuu, nilinunua maharagwe ya makopo matatu bila kitu cha kuyafungulia. Yalirudi Nairobi yakiwa mazima. Mpaka leo mathe akitaka kunituliza anayataja.

Najua kuna watu watanijibu, "Mathe ameenda kupumzika, na wewe unamgeuza mpishi wa rumuni." Hii hoja ni nzito, sitaiepuka. Ikiwa likizo ni mama yenu kuamka saa kumi na mbili kukata vitunguu juu ya meza ya televisheni, wakati nyinyi mmelala na simu, basi afadhali mlipe bufee. Sisi tuligawana. Mimi nilikuwa wa kwenda kwa mahamri, dadangu wa mkate, kitinda mimba wa kuosha vyombo na kubeba takataka. Mathe alikatazwa kugusa kisu. Siku ya kwanza alihangaika, akawa anasimama kila dakika kusema avokado haipondwi hivyo. Siku ya pili alikaa roshani, miguu juu ya kiti, akaitisha chai. Hapo ndipo nilijua mpango umekubali. Chakula kisichopikwa kina uzuri huo: hata mtoto wa miaka tisa anaweza kukitengeneza.

Wengine watasema ni kukosea hoteli adabu. Inategemea wewe. Hoteli nyingine hukataza chakula cha nje kwenye mkahawa wao na kando ya bwawa, na ni haki yao, ile ni biashara. Soma masharti kabla hujalipa, na kama rumuni pia wamekataza, tafuta kwingine. Ukiruhusiwa, usipangusie mikono kwa taulo nyeupe, usiache maganda ya maembe kitandani, funga mabaki yote na uyatoe. Usimwachie dada wa usafi sisimizi wa kufukuza. Tulimwachia wa kwetu rumu safi na kitu kidogo cha asante, akatuonyesha mahali pa kununua madafu kwa bei ya wenyeji.

Na ile pesa tuliyookoa haikurudi Nairobi. Ilienda kwa mama wa mahamri, kwa wauzaji wa Kongowea, kwa vijana wa madafu. Sehemu kubwa ikaenda pale ilipofaa kwenda tangu 2018. Siku ya tatu tulienda Fort Jesus, sote watano, na mzee ndiye alisisitiza alipe mlangoni. Akazunguka ile ngome na mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akisoma kila kibao mpaka wadogo wakachoka kumngoja.

Tulirudi rumuni jua likiwa kali. Dadangu akapaka mikate, mimi nikakata maembe, nikayanyunyizia chumvi na pilipili. Mzee akaketi ukingoni mwa kitanda, sahani magotini, akala mikate mitatu, akaomba wa nne. Halafu akaniambia, bila kuniangalia, "Ile mara ya kwanza tungefanya hivi."

Nikamwambia, "Ni sawa, mzee. Kula."

Kwa hivyo wewe unayepanga kupeleka familia Mombasa, Naivasha au Kisumu mwaka huu, na unaangalia bei ya rumu ukijiuliza chakula kitatoka wapi, usiahirishe safari kwa sababu ya bufee. Beba bakuli lako. Pita gazeti lako la mahamri mapokezi na kichwa juu, wasalimie vizuri. Na ukiona mtu mmoja mezani anasema ameshiba na hujamwona akila, usimwamini. Mwekee sahani.